Baridi Yabisi kwa Wazee Wanaosafishwa Damu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, naishukuru Jumuiya kwa heshima hii iliyonipa. Nimetakiwa niseme juu ya maradhi ya viungo yanayowapata wazee wetu ambao figo zao zimeshindwa kazi, nao husafishwa damu kwa mashine. Huenda wengine wakaona kwamba wazee hao ni wachache, na mambo ya afya yanayostahili kusemwa hapa Arua na Koboko ni mengi. Ni kweli kwamba ni wachache. Walakini hapana mgonjwa katika mji huu awezaye kudhuriwa upesi kuliko wao kwa dawa ambayo mtoto wake amemnunulia kwa mapenzi, jioni, katika duka la njiani.

Katika lugha yetu, mzee akiumwa magoti tunasema ni baridi yabisi. Akivimba vidole, baridi yabisi. Akishindwa kuinua bega, baridi yabisi. Neno hili ni la zamani na ni zuri, lakini limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Jina hilo latufanya tuilaumu baridi, tumfunike mzee blanketi na kumkanda kwa mafuta ya moto, ilhali baridi haina hatia. Tena latufanya tudhani kwamba ugonjwa ni mmoja, na kwa hiyo dawa ni moja. Hapo ndipo penye hatari.

Matabibu wa Kiislamu wa kale walikwisha kuyatazama mambo haya kwa makini. Abu Bakr al-Razi aliandika juu ya mawe ya figo na ya kibofu, na Ibn Sina katika kitabu chake cha Qanun alieleza maumivu ya viungo kwa urefu. Huko Ulaya, daktari Mfaransa jina lake Landré-Beauvais alieleza ugonjwa wa viungo usiofanana na jongo katika mwaka 1800. Halafu Mwingereza Alfred Garrod akaitia maji ya damu ya wagonjwa wake katika kisahani, akaweka uzi ndani yake, na baadaye akaona uzi wa mwenye jongo umeshikwa na chembe kama chumvi, na wa yule mwingine haukushikwa na kitu. Hiyo ilikuwa 1854, na mwaka 1859 akautenga ugonjwa ule wa pili kwa jina lake mwenyewe. Ule ndio nitakaouita leo baridi yabisi ya kweli.

Ugonjwa huo ni nini? Mwili wa mwanadamu una askari wake, nao kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Katika baridi yabisi ya kweli askari hao huwageukia wenye nyumba. Huushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba na kunenepa, kisha hula gegedu, na baada ya gegedu hula mfupa. Kwa vijana huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, lakini ukianza uzeeni tofauti hiyo hupungua, na mara nyingine huanza kwa ghafula mabegani, hata watu wakadhani ni uzee tu umemfikia.

Na figo? Wako wazee ambao figo zao zilikufa kwa shinikizo la damu au kwa kisukari, na maumivu ya viungo yakaja baadaye. Wako wengine ambao viungo ndivyo vilivyotangulia, nao wakameza vidonge vya maumivu miaka kumi au ishirini mpaka figo zikachoka. Vyovyote iwavyo, yatupasa tufahamu kwamba mashine haikuwa figo. Figo za mtu mzima hufanya kazi saa 168 kwa juma, usiku na mchana. Mashine, kwa desturi ya mara tatu kwa juma na saa nne kila mara, hufanya kazi saa 12. Tena kuna vitu ambavyo figo huvitoa na mashine haiwezi kuvitoa, na miongoni mwa vitu hivyo ni baadhi ya dawa. Nasema haya si kwa kuidharau mashine. Mtu wa kwanza aliyeokolewa na mashine ya Daktari Willem Kolff, katika mji wa Kampen huko Uholanzi mwaka 1945, alikuwa mwanamke wa miaka 67. Uzee haukumzuia kupona.

Sasa, mzee anayesafishwa damu akivimba kiungo, huenda ni baridi yabisi ya kweli. Huenda pia ni jongo. Huenda ni chembe za chokaa, maana figo zikifa chokaa na fosfeti hupoteza mizani yake mwilini, zikaenda kukaa penye viungo. Huenda ni kusagika kwa gegedu, kama kunavyotupata sisi sote tuliolima na kubeba mizigo. Aliyekaa na mashine miaka mingi, mitano, kumi au zaidi, huweza kupata ugonjwa unaoletwa na protini ambayo mashine haikuweza kuitoa yote. Hiyo hujikusanya mabegani na katika kifundo cha mkono, vidole vya upande wa gumba vikafa ganzi, na maumivu yakazidi usiku na hata saa ile amelala penye mashine. Na huenda ni usaha.

Juu ya usaha napenda kusimama kidogo. Mgonjwa wa mashine hutobolewa ngozi mara tatu kila juma, na wengine wana mpira uliotiwa katika mshipa wa shingoni. Vijidudu hupita hapo vikaingia katika damu, na damu huvipeleka mpaka kwenye goti au bega. Kijana angetetemeka kwa homa. Mzee huenda asipate homa hata kidogo. Atanyamaza tu, atakataa chakula, na kiungo kimoja kitakuwa cha moto asitake kiguswe. Basi huyo asingoje kesho. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache na huweza kumwua mwenyewe. Nasi tukimpa dawa ya kupunguza uvimbe, uvimbe utapungua kweli, mzee atasema Alhamdulillahi, na usaha utaendelea chini kwa chini bila kuonekana.

Je, tutautambuaje ugonjwa mmoja na mwingine? Swali la "unaumwa wapi?" halifai sana kwa mzee wa kwetu, maana atajibu "mwili wote," naye asema kweli. Mimi naona ni bora aulizwe juu ya sala zake, kwa kuwa mtu asiyeikumbuka siku ya juma aghlabu ataikumbuka sala yake.

Muulizeni juu ya Alfajiri. Je, huweza kulishika birika la udhu na kumimina maji, au huomba mjukuu ammiminie? Kama vidole vyake vimekakamaa Alfajiri, vikalegea jua likiwa limekwisha panda, baada ya saa nzima au zaidi, na mikono yote miwili ni hivyo hivyo, hiyo ndiyo desturi ya baridi yabisi ya kweli. Tazameni vifundo ambapo vidole vinaungana na kiganja, na kifundo cha mkono. Huko ndiko inakopenda kukaa, nayo kwa kawaida huviacha vifundo vya nchani mwa vidole. Lakini akiamka vizuri Alfajiri, na ikifika Isha magoti hayataki kumwinua kutoka sijida, hiyo ni kusagika. Aliyelala mzima, akaamshwa usiku wa manane na kidole kikubwa cha mguu hata shuka likigusa ni moto, huyo mshukuni jongo.

Muulizeni pia juu ya tahiyatu. Wako wazee ambao, kabla ya mkono kuvimba, waliacha kukunja vidole vya mguu wa kulia katika kikao kile, kwa sababu vifundo vya chini ya vidole vilikuwa vikiwachoma. Wenyewe hawakumwambia mtu. Wamekaa katika safu, na kila aliye karibu nao ameona kwamba kikao kimebadilika. Hayo mkayaeleza kwa daktari, mmemfaa zaidi kuliko kumwambia kwamba babu anaumwa.

Baada ya maswali huja vipimo, na hapa yapo mengi ya kukosesha njia. Kipimo cha kutazama jinsi damu inavyotua katika kijineli, ambacho hospitali nyingi hukitumia kujua kama mwilini mna moto wa uvimbe, kwa mgonjwa wa mashine hakisemi neno la maana, maana kwake aghlabu kimepanda hata kama viungo vyake ni vizima. Kipimo kiitwacho RF kimetumika miaka mingi, lakini chaweza kuonyesha ndiyo kwa mzee ambaye hana ugonjwa huu. Kifua kikuu humfanyia hivyo, na homa ya ini, na hata uzee peke yake. Sisi wa kaskazini tujihadhari zaidi, kwa kuwa uchunguzi wa serikali wa miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba homa ya ini ya aina ya B ni nyingi pande zetu kuliko kusini ya Uganda. Kipimo kipya zaidi kiitwacho CCP ni mkweli kuliko RF, hata kwa wenye figo mbovu, ingawa kikisema hapana bado hakijamfungulia mtu kabisa. Picha ya eksirei nayo yataka jicho la mjuzi, kwa sababu figo zikifa mifupa ya vidole huweza kuliwa kwa njia nyingine, na asiyezoea akaita baridi yabisi.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote, kiungo kikiwa kimejaa maji, ni sindano. Daktari husafisha ngozi, huingiza sindano, huvuta maji kidogo na kuyapeleka chini ya hadubini. Maji yenye usaha yataonyesha chembe nyeupe tele, na huenda vijidudu vyenyewe. Yenye jongo au chokaa yataonyesha fuwele, na namna ya kuzitofautisha kwa hadubini ya nuru maalumu ilielezwa Marekani mwaka 1961. Nimesikia watu wakisema kwamba maji ya kiungo yakivutwa, mguu hunyauka. Si kweli. Mzee mwenye goti la moto akikataliwa sindano hiyo na jamaa zake, wamemkatalia hukumu ya haki.

Natia neno hapa juu ya kuandika. Kuluva, hapo karibu na mji wetu, Daktari Ted Williams alikuwa akiandika kila mgonjwa wake, kijiji chake na mwezi aliougua. Mwaka 1961 alifuatana na Denis Burkitt katika safari ya maili karibu 10,000 kuitafuta saratani ya taya za watoto, na madaftari ya West Nile yakawa hoja katika vitabu vya dunia nzima. Daftari la shilingi chache lafanya kazi hiyo. Kwa hiyo nasi tusidharau kumwandikia mzee wetu ukurasa mmoja.

Nije kwenye dawa, nianze na ile ya hatari kuliko zote. Kuna kidonge kiitwacho methotreksati, nacho ndicho dawa ya kwanza ya baridi yabisi ya kweli duniani kote. Mtu mwenye figo nzima hukimeza mara moja kwa juma, kimewarudishia maelfu ya watu mikono yao, nami sitakisema vibaya. Lakini kidonge hicho hutoka mwilini kwa njia ya figo. Asiye na figo kitabaki naye, na mashine haiaminiki kukitoa. Kinywa hujaa vidonda, uboho wa mifupa huacha kuumba damu, na watu wamekufa kwa dozi ndogo sana. Anayesafishwa damu hapewi. Sasa fikirini: mama aliyekitumia miaka mitano kabla figo hazijafa, bado ana kopo lake chini ya kitanda. Leo mikono imemuuma. Atafanya nini? Kopo hilo liondolewe nyumbani.

Vidonge vya maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao, navyo tusivichezee. Wengine husema, figo zimekwisha kufa, zitaharibiwa nini tena? Mzee akiwa bado hukojoa hata kikombe kimoja kwa siku, kikombe hicho ni mali. Humpunguzia maji ya mwilini na kumwongezea maisha, na vidonge hivyo humnyang'anya. Tena hutoboa tumbo, na mgonjwa wa mashine hutiwa dawa ya kuzuia damu isigande, basi tumbo likianza kutoka damu haliachi. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo cha daktari ni salama zaidi.

Kolchisini ya jongo hutokana na mmea wa surinjani, ambao matabibu wa Kiarabu waliujua na kuutumia kwa viungo karne nyingi zilizopita. Lakini hata wao waliuogopa, na mashine haiutoi. Mwenye figo zilizokufa hupewa kidogo sana, na muda mrefu hupita kabla hajapewa tena.

Basi daktari amebakiwa na nini? Amebakiwa na vitu vya kutosha, alhamdulillahi. Prednisoloni kwa kiasi kidogo husaidia. Dawa za jamii hiyo zilianza mwaka 1948, Philip Hench wa Marekani alipomtia sindano ya kotisoni mwanamke aliyeshindwa kutembea, naye akatembea; miaka miwili baadaye alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ila haraka ile ya kupona ndiyo iliyoifanya iuzwe madukani kama peremende, nayo huvunja mifupa ya wazee, hupandisha sukari na huuficha usaha niliousema. Kama ni kiungo kimoja au viwili, na imekwisha hakikishwa kwamba hamna usaha, sindano ya ndani ya kiungo ni bora kuliko vidonge vya kila siku. Haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini ambayo wazee hapa waliimeza kwa malaria, hutumika kwa kiasi kilichopunguzwa, na macho yapimwe. Salfasalazini hutumika kwa hadhari. Ziko pia sindano za siku hizi zinazomzuia askari mmoja mmoja. Hazipiti katika figo, kwa hiyo zingewafaa sana wagonjwa hawa, lakini bei yake ni kubwa, na kabla ya kuanza lazima kifua kikuu na homa ya ini vitafutwe, visije vikaamka.

Waliosomea viungo hasa ni wachache mno katika Uganda. Na mashine nayo kwa miaka mingi ilimlazimisha mgonjwa wa kwetu kuhamia Kampala, safari ya kilomita karibu 500, kwanza Mulago, baadaye Kiruddu. Kwa hiyo mzee mmoja huwa na matabibu watatu wasiojuana: mmoja Koboko, mmoja Arua, mmoja Kampala. Yeye husema Kinubi au Kikakwa, daktari husema Kiingereza, na mjukuu anayefasiri amechoka na safari. Ukurasa ule niliousema uandikwe hivi: anasafishwa damu siku gani; dawa anazomeza; dawa alizokatazwa, na methotreksati iwe ya kwanza; kiungo gani kilivimba na tarehe gani. Asafiri nao mfukoni.

Na juu ya mkono. Wapasuaji huunganisha mshipa na mshipa katika mkono wa mgonjwa ili mashine ipate damu ya kutosha. Njia hiyo ilielezwa na matabibu wa New York mwaka 1966. Mkono huo hautolewi damu ya vipimo, haupimwi shinikizo, haubebi ndoo. Aliye na baridi yabisi ya kweli amwambie mpasuaji ni mkono gani ulioharibika zaidi kabla haujachaguliwa, kwa sababu mkono wa mashine hukaa umenyooshwa saa nne, na kifundo kilichovimba hakitastahimili. Mkono huo huo ukiwa baridi, ukapauka na kuuma, kosa si la viungo. Damu imepungua vidoleni, na daktari aonyeshwe mara moja.

La mwisho ni Ramadhani, maana nimeulizwa mlangoni. Hukumu ya kufunga na ya fidia ni ya Masheikh, sitaingia. Ila kwa upande wa tiba: mwenye kumeza prednisoloni kwa miezi asiiache ghafula kwa sababu ya saumu. Mwili wake umesahau kujitengenezea ya kwake. Akiiacha huweza kuishiwa nguvu, kutapika na kuangukiwa na shinikizo, na watu watadhani ni njaa. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, apange kuimeza wakati wa daku au wa kufuturu. Na tende, ndugu zangu, zina potasiamu nyingi, ambayo kwa asiye na figo huweza kuusimamisha moyo. Kama amefuturu kwa tende, iwe kwa idadi aliyoambiwa na wanaomsafisha damu, isizidi.

Mwenye mzee nyumbani na ana swali, nitakaa hapa barazani mpaka adhana ya Alasiri. Aje na makopo yote ya dawa, hata yale ya chini ya kitanda.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.